Jembe Lisilo na Udongo

Ngumbao wa Thoya alianza kutembea akiwa na miaka sitini na sita. Usicheke. Miguu alikuwa nayo tangu azaliwe, na ilikuwa imemfikisha kwingi: kisimani, shuleni kwa miaka minne, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni kwa miaka ishirini na sita, matangani na harusini. Lakini safari zote hizo alikuwa akienda mahali. Kutoka nyumbani usifike popote, kisha urudi mikono mitupu na kusema umefanya kazi, hayo alikuja kufundishwa uzeeni, na mwalimu wake alikuwa mdogo kuliko kitindamimba wake.

Mwalimu huyo aliitwa Widad, muuguzi katika kliniki moja ya sukari mjini Malindi, binti wa mji wa kale, mwenye koti jeupe juu ya buibui na sauti ya upole isiyokubali ubishi. Alimpa shikamoo yake, akamdunga kidole, akasoma kipimo. Kumi na nane. Kisha akamwambia avue viatu, akachukua kalamu na kumpitishia kwenye nyayo.

"Hapa wasikia, baba?"

"Hapo hujagusa, mwanangu."

Alikuwa amegusa, tena mara tatu. Ngumbao aliinama akaiona ile kalamu ikipita juu ya unyayo wake kama inapita juu ya ubao, na hofu ikamwingia kweli kweli. Kule Gongoni alifanya kazi na mtu aliyeitwa Dena, ambaye sukari ilimla kidole gumba, ikaja ikamla mguu hadi kifundo, ikapanda hadi gotini, mwisho wakamzika. Kufa hakukumtisha sana Ngumbao. Kilichomtisha ni kukatwa vipande akiwa hai.

"Dawa nakupa," Widad alisema, "lakini dawa peke yake haitoshi. Utembee."

"Natembea sana. Mimi ni mtu wa shamba."

"Shamba gani walima sasa, baba, na mvua haijanyesha misimu mitatu?"

Tangu arudi kutoka Gongoni kazi yake ilikuwa kukaa barazani na kulisogeza kigoda kivuli kinaposogea.

"Nusu saa kila siku, asubuhi, jua halijawa kali. Uende kwa haraka mpaka kijasho kikutoke. Uvae raba, usiende na ndara. Tena usisimame njiani. Nawajua nyinyi wazee, mkikutana mwaulizana mpaka habari za kuku. Itikia huku waenda."

Hilo la mwisho ndilo lililomponza. Sitamlaumu binti wa watu. Yeye ni wa mjini, hupita mbele ya watu mia kabla ya kufika kazini, na alisema alilolijua. Lakini nyuma ya Vitengeni, kwa Wagiriama wenzake Ngumbao, salamu si neno la kurusha ukipita. Unasimama, unatua ulichobeba, unauliza kulala, unauliza watoto, unauliza mbuzi na mvua, kisha unangoja na wewe uulizwe. Anayekupita na nusu ya salamu ama mna ugomvi, ama ana jambo analificha. Ngumbao aliyajua haya vizuri. Ila alikuwa amekaa miaka mingi mahali ambapo kila mtu ana toroli lake la chumvi na watu husalimiana kwa kuinua kidevu, na juu ya hayo alikuwa na hofu ya kisu. Akaamua kutii, na akatii yote.

Kabla ya kuanza alimwendea jirani yake, Kenga, mzee wa rika lake, akamwomba wawe wawili.

"Twende wapi?" Kenga aliuliza.

"Popote. Tunazunguka, tunarudi."

"Tukachukue nini?"

"Hatuchukui kitu."

Kenga alicheka mpaka akashika nguzo ya ua. "Mzee mwenzangu, chumvi imekupanda kichwani. Nenda. Ukifika huko popote unisalimie wenyeji wake."

Basi Ngumbao akaenda peke yake. Kwenda na kurudi kwa njia ile ile aliona ni kama mtu aliyesahau kitu, kwa hiyo akajitengenezea mzunguko. Alitoka kwake, akapita nyuma ya mji wa Kenga, yaani nyumba zake nne na zizi, akashuka hadi kwenye lambo lililokauka, akapita kanisani, akarudi kwa juu. Kwa saa ya simu ya mkewe Sidi, ilikuwa nusu saa kasoro dakika mbili. Hizo mbili alizimaliza kwa kuzunguka zizi lake mwenyewe.

Wiki ya kwanza misuli ilimuuma kama mwizi aliyekimbizwa. Wiki ya pili alilala usiku mzima bila kuamka kwenda haja, jambo ambalo hakukumbuka lini lilimtokea mara ya mwisho. Kidonda cha kidole kidogo, kilichokuwa kibichi tangu Pasaka, kilifunga mdomo. Alikula akashiba, akaacha kugomba. Sidi, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiishi na mzee mwenye kinyongo na kila kitu, alianza kumsikia akipiga mluzi bafuni, akamuuliza kama kuna msichana huko lamboni. Kule Malindi kipimo kilishuka kikawa kumi na moja, mwezi uliofuata kikawa nane. Widad aliiandika ile nane kwenye kitabu chake akaizungushia duara. "Mashallah, baba. Umeona?" Ngumbao alirudi nyumbani kama mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani.

Na siku moja likatokea jambo dogo. Alikuwa nyuma ya mji wa Kenga, anakwenda kwa haraka kama alivyoagizwa, aliposikia kitu kikimchoma chini ya mguu wa kulia. Alisimama. Akakanyaga tena, kikamchoma tena. Akachutama palepale njiani, akavua raba, akakung'uta, kikaanguka kijiwe kidogo kuliko punje ya mahindi. Alikuwa amekisikia. Mguu ulikuwa umeanza kurudi. Ngumbao alikaa pale amekishika kijiwe kiganjani, machozi yanamtoka, wala hakuona haya. Kisha akakitia mfukoni, akaenda nacho nyumbani, akakiweka kwenye rafu kando ya redio. Mguu wa kushoto ulikuwa bado, lakini Widad alikuwa amemwambia nao utafuata polepole.

Mkamwana wa Kenga, mke wa mwanawe, alikuwa anaanika nguo. Alimwona mzee wa watu amechutama nyuma ya nyumba yake, mikono chini, akiokota kitu mchangani na kukitia mfukoni.

Siku tisa baadaye mtoto wa huyo mkamwana, Lewis, wa miaka minne, alishikwa na homa. Mwezi ule malaria ilikuwa imeingia karibu kila nyumba. Wakampa dawa iliyobaki ya mtoto mwingine, wakangoja, wakampeleka zahanati siku ya tatu, na siku ya nne Lewis akafa. Mtoto alikuwa na kicheko kinachosikika mpaka kanisani. Kifo kile kilimuuma Ngumbao, na alikwenda matangani asubuhi na mapema, akaketi kwenye benchi walipoketi wanaume watano. Mmoja akainuka kwenda kuchukua maji. Mwingine akaitwa. Kufikia wakati wa maombi, Ngumbao alikuwa na benchi zima peke yake.

Aliyekuja kumweleza alikuwa Mramba, ndugu yake Sidi. Alikuja mchana, akakataa chai.

"Shemeji, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba huna shamba lakini kila asubuhi unapita. Kwamba ukisalimiwa husimami. Kwamba unauzunguka mji wa Kenga kila siku kwa upande mmoja, hujawahi kukosa. Na kwamba uliokota kitu nyuma ya nyumba. Uliokota nini?"

"Jiwe."

"La nini?"

"Lilikuwa ndani ya kiatu changu."

"Na ulipolitoa ukalitupa?"

Utamwelezaje mtu kwamba umekipenda kijiwe? Mramba aliangalia chini. Neno lenyewe hakulisema, lakini lilikuwa limekaa nao pale barazani: mutsai, mchawi. Kitongoji cha pili, mwaka uliopita tu, mzee mwenye mvi alikatwa mapanga mchana kweupe, na watu wote waliokuwepo hawakuona kitu. Hakuna aliyejua mzee yule alikosa nini. Alikuwa mzee, na kulikuwa na msiba.

"Daktari ndiye aliyeniagiza," Ngumbao alisema.

"Najua. Lakini nani atakwenda Malindi kumuuliza? Sikiza. Chukua jembe. Ukiwa na jembe begani, hata ukienda mbio, watu wataona unakwenda shambani."

Hili nalo lilionekana la akili. Siku ile ile Sidi alimkalisha mzee wake kwenye kigoda, akamkorogea piko la kuficha mvi na kumpaka kichwani mpaka nywele zikawa nyeusi kama za kijana, akampaka na ndevu. Ngumbao alijitazama kwenye kioo asimjue aliye ndani. Sidi alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Kesho yake Ngumbao akatoka na jembe begani, na akaanza kusimama. Alisimama kwa kila mtu. Aliuliza kulala, watoto, mbuzi. Nusu saa ikawa saa mbili, jasho halikutoka hata tone, na watu wakamjibu kwa kifupi huku wakiangalia nywele zake.

Alikwenda hivyo siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu Kenga alikuwa amesimama pembeni mwa njia, akimngojea afike.

"Unatoka kulima?"

"Natoka."

Kenga alilitazama lile jembe. Lilikuwa safi kabisa. Hata mtoto wa Vitengeni anajua jembe lililotoka shambani lina udongo, tena hata mvua isiponyesha lina vumbi. "Unalima wapi, mzee mwenzangu, hata jembe halichafuki?" Kenga aliuliza. Laiti angelitia udongo kabla ya kutoka! Lakini mtu asiyezoea uongo husahau sehemu zake ndogo ndogo. Kenga hakungoja jibu. Aligeuka akaingia kwake na kulivuta lango la ua.

Kabla ya hapo alikuwa mzee wa ajabu. Baada ya jembe akawa mzee mwenye hila.

Keshokutwa yake njia ilikuwa imefungwa kwa matawi ya miiba, nyuma ya mji wa Kenga, lamboni, na kanisani pia, ambapo kila Jumapili huimbwa kuhusu upendo. Ngumbao angeweza kurudi. Lakini hasira ilimpanda, akapiga moyo konde, akayavuka yale matawi yote matatu kwa miguu yake na kuumaliza mzunguko. Kwa nusu saa ile alijiona mtu. Alipofika nyumbani, Sidi aliona raba ya kushoto imeloa damu. Alimvua. Mwiba mrefu kama kidole ulikuwa umepenya soli ukaingia unyayoni mpaka ukavunjika, na mwenyewe hakuwa amesikia chochote.

Sidi aliuchomoa, akauosha mguu kwa maji ya moto na chumvi. Kisha akakaa chini sakafuni mbele yake.

"Baba Kahonzi, acha kutembea."

"Nikiacha nitakatwa mguu."

"Na usipoacha?"

Ngumbao aliwaza kwenda kwa binti yao Kahonzi huko Mtwapa. Kahonzi alikuwa na chumba kimoja cha kupanga na watu sita ndani yake. Tena kuondoka wakati ule kulikuwa ni kukubali: angekimbia mzee, wangebaki na mkewe. Sidi naye alikuwa na mvi zake chini ya leso.

"Mguu ukioza nitakuuguza," Sidi alisema. "Nitakuosha, nitakubeba, sitachoka. Lile jingine siliwezi. Siwezi kuja kukuokota njiani." Alilia, na yeye si mtu wa kulia.

Ngumbao akaacha. Kwanza alijaribu kuizunguka nyumba yake mwenyewe, asubuhi, ndani ya ua wake. Siku ya tatu aliona macho kwenye upenyo wa makuti, na mchana wake Mramba akaja kuuliza anazunguka nini. Basi akaingia ndani. Kutoka kitandani hadi mlangoni zilikuwa hatua kumi na moja, na chumba kilikuwa na giza na sakafu iliyobonyea. Hapo alizihesabu kwa wiki moja hivi, mpaka siku moja hakuinuka kuhesabu. Kigoda kikarudi kazini. Usingizi ukakatika tena, kinyongo kikarudi, mluzi ukaisha. Tundu la mwiba halikufunga. Lilikuwa dogo, likawa jekundu, likaanza kunuka. Mwenye pikipiki wa kumfikisha barabarani alisema ana safari nyingine, na kesho yake pia alikuwa na safari nyingine.

Walipofika Malindi ilikuwa imepita miezi miwili. Widad aliufunua mguu, akamdunga kidole. Kipimo kilisoma ishirini na moja. Alifungua kitabu chake akaikuta ile nane iliyozungushiwa duara.

"Ulikuwa waenda vizuri hivi, baba. Kwa nini uliacha?"

Sidi alifumbua mdomo. Ngumbao akamwekea mkono gotini. Angemwambia nini binti huyu wa mjini? Kwamba watu wake, waliomzaa na kumlea, wangemuua kwa sababu ya kutembea? Aliwaonea haya, na kwa namna asiyoielewa aliwalinda.

"Uvivu, mwanangu," alisema.

"Lahaula. Kitu hakikugharimu hata shilingi." Widad hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, akageuka kutafuta fomu ya kumpeleka kwa daktari wa upasuaji.

Wakakata chini ya goti.

Alirudi nyumbani na magongo mawili, na hapo ndipo maajabu yalipoanza. Njia iliyokuwa inamkwepa ikajaa watu. Yule mwenye pikipiki alimpandisha mpaka mlangoni na kukataa nauli. Wanawake walileta mboga. Mkamwana wa Kenga alileta maji, ndoo mbili, akaziweka na kusimama kidogo kama anayetaka kusema jambo, kisha akaenda zake. Waliosalimia walisimama, wakauliza kulala, wakauliza mbuzi, na Ngumbao aliwajibu wote kwa ukamilifu kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Mtu wa mguu mmoja hawezi kuuzunguka mji wa mtu. Piko likaanza kupauka, mvi zikachungulia, na hakuna aliyezitazama mara mbili.

Siku ya tano alikuja Kenga mwenyewe, na kuku mkononi. Alimpa Sidi kuku, akaketi, akaamkua mpaka salamu zikaisha.

"Sasa umetulia, mzee mwenzangu."

"Nimetulia."

Walikaa. Kenga alikuwa amekonda shingo, na midomo yake ilikuwa mikavu. Aliomba maji, akanywa, akaomba mengine. Kisha akasogea karibu na kushusha sauti.

"Juzi nilishikwa na kizunguzungu, wanangu wakanipeleka Malindi. Nimepimwa. Kumi na tisa. Kuna binti mmoja pale wa koti jeupe, ameniambia nitembee."

Ngumbao aliyasogeza magongo yake kando.

"Wewe ulipokuwa ukitembea, ilikusaidia?"

Angeweza kumdanganya. Neno lilikuwa mdomoni tayari, na moyo wake wote ulitaka alitoe: haisaidii, ni maneno ya wauguzi, kaa kitako ule. Aligeuza uso akatazama ndani, kwenye rafu, kando ya redio, kilipokaa kile kijiwe. Chuki aliyokuwa nayo ilimchosha.

"Ilinisaidia," alisema. "Ilinisaidia sana."

Kenga aliitazama njia inayoshuka lamboni kwa muda mrefu. "Peke yangu siwezi. Unawajua watu." Akafikicha magoti yake. "Laiti tungekuwa wawili. Wazee wawili wakitembea, nani angetia neno?"

Ngumbao aliutazama mguu wa suruali uliokunjwa na kufungwa kwa pini. Sidi alikuja na uji usio na sukari, vikombe viwili, na wazee wakaunywa. Kenga alikaa mpaka jua likawa kali. Kisha akasema ni heri arudi, akatoa simu na kumwita mwenye pikipiki aje amchukue, ingawa kutoka pale barazani mtu angeweza kuiona nguo iliyoanikwa uani kwake.